Ufundi wa Kuandaa Swali

Utafiti wa VVU husifiwa kwa kile kinachotoka mwishoni: asilimia, mchoro wa rangi, kidonge kipya. Mimi huvutiwa na mwanzo wake, pale ambapo hakuna karatasi hata moja iliyojazwa, na watu wachache wamekaa kwenye mabenchi ya parokia wakibishana nani aulizwe, aulizwe na nani, saa ngapi, na jibu lake likahifadhiwe wapi. Huko ndiko mafundi waliko. Kazi yao ikienda vizuri haionekani, kama mishono ya ndani ya koti. Ikienda vibaya, kila mtu huiona.

Ukitaka kujua kwa nini ufundi huo unahitajika katika jimbo la Lualaba, nchini Kongo, anza na reli. Lubudi ni mji uliokua kwa saruji na kwa treni; umekaa juu ya njia ya chuma itokayo Tenke kwenda Bukama. Njia hiyo ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaungana na Ilebo, ambako mizigo na watu walishuka kwenye mashua za mto Kasai kwenda Kinshasa. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha kazi ya wanasayansi waliolinganisha vinasaba vya virusi kutoka sehemu mbalimbali za Kongo. Walihitimisha kwamba mlipuko wote wa dunia ulianzia Kinshasa karibu na mwaka 1920, na kwamba miongoni mwa miji ya kwanza kufikiwa baada ya hapo ilikuwa Mbuji-Mayi na Lubumbashi, ambako watu walifika kwa reli. Hawakusema kirusi kilishuka Lubudi, nami sisemi. Ila mabehewa yalipita hapa.

Sasa tazama namna elimu hiyo ilivyopatikana. Damu ya zamani kuliko zote iliyokutwa na VVU ilichukuliwa Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, mwaka 1959. Ilitoka kwa mwanamume mzima ambaye jina lake halijulikani. Ilichukuliwa kwa utafiti mwingine kabisa, ikakaa kwenye barafu miongo kadhaa, ikaja kuisimulia dunia habari kubwa. Mwenye damu hakuulizwa neno. Miaka ya 1980 likaja Projet SIDA kwenye hospitali ya Mama Yemo, mjini Kinshasa, likiwa na Jonathan Mann, daktari Bila Kapita na wenzao. Lilianza mwaka 1984 na likavunjika baada ya uporaji ulioukumba mji huo Septemba 1991. Lilikuwa shule kubwa ya UKIMWI barani Afrika, na waliofanya kazi pale wanastahili heshima yao. Lakini maswali yake yalizaliwa zaidi kwenye wodi na maabara. Mkongomani alikuwa daktari, au muuguzi, au mgonjwa. Mtu anayeishi na kirusi, aliyekaa mezani akisema, «hilo msiulize, ulizeni hili», alikuwa bado hajapewa kiti.

Kiti hicho kilidaiwa. Wagonjwa wa Marekani walikidai Denver mwaka 1983. Tarehe 1 Desemba 1994, mjini Paris, serikali 42 zilitia saini kwamba watu wanaoishi na VVU washirikishwe zaidi katika kila hatua. Saini ni rahisi. Kukaa kwenye kiti na kujua la kufanya ukishakaa ni kazi inayofundishwa na kuzoewa, na ndiyo ninayoistaajabia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali na Lualaba. Karibu na mwaka 1999, mjini London, ulifanyika utafiti ulioitwa Mayisha, kwa ajili ya Waafrika wa jamii tano: Wakongomani, Wakenya, Waganda, Wazambia na Wazimbabwe. Waliojibu walikuwa 748. Idadi hiyo si kubwa, lakini namna walivyopatikana ni somo. Waafrika wale hawakuwa na orodha popote. Wengine walikuwa wanangoja karatasi za ukimbizi, na mtu wa namna hiyo akiona bahasha ya serikali hufunga mlango. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuchora ramani: watu wetu hukutana wapi, siku gani, kwa sababu gani. Kisha wakafundishwa Waafrika wa jamii hizo hizo waende wenyewe kwenye kumbi za kukutania, na karatasi mkononi.

Fikiri kidogo ufundi wa hatua hiyo. Kuingia mahali watu wanapostarehe na kuwauliza habari za kitandani bila kuharibu jioni yao. Kujua kwamba mtu aliye na wenzake wanne hatasema kweli, na kwamba mtu aliye peke yake kabisa atakuogopa. Kujua ni nani mezani ambaye akikubali, wengine watakubali. Mtakwimu anayo njia yake ya kuchagua sampuli, na njia hiyo ni ya lazima. Lakini haimfundishi mtu kumsalimia mzee wa Lubumbashi aliyeko ugenini kabla ya kumtolea kalamu.

Ilipofika Mayisha ya pili, miaka michache baadaye, walipanda ngazi. Waliomba mate ya kupimia VVU, bila jina, bila namba ya kumtambulisha mtu. Maana yake ni kwamba aliyetoa mate hangeambiwa majibu yake. Hapo pana mtego, na fundi huuona mapema: watu watasema mmetuchukua kama wanyama wa maabara. Dawa ya mtego huo si maneno matamu. Ni kueleza wazi kwa nini jina halichukuliwi, kisha kumpa mtu anwani ya mahali pa kupima na kupewa majibu akitaka. Walikubali wengi wa kutosha kuonyesha kwamba asilimia 14 walikuwa na VVU, na theluthi mbili ya hao walikuwa hawajagunduliwa hospitalini. Takwimu hiyo ya pili, iliyowahusu Waafrika weusi wa Uingereza, ilipatikana kwa sababu mtu fulani kwenye kikao cha maandalizi alijua ni nini kingewafanya waondoke.

Kuna ufundi mwingine, mdogo kwa umbo, ambao hupatikana katika utafiti wa unyanyapaa ulioanza mwaka 2008 na kuendeshwa na mitandao ya watu wanaoishi na VVU. Umefanyika katika nchi zaidi ya 100, Kongo ikiwemo. Anayeuliza anaishi na VVU, anayejibu vilevile. Mwongozo wake wa awali ulitaka wawili hao wakae ubavu kwa ubavu, karatasi mbele yao wote, waijaze pamoja. Hawakai uso kwa uso kama kwa hakimu. Anayejibu anaona kinachoandikwa. Akiona jibu limeandikwa sivyo, anaweka kidole. Nimewahi kusoma miongozo mingi ya utafiti, mingi mizito kama matofali, na sijakuta sentensi iliyofanya kazi nyingi kuliko hiyo ya kuhamisha kiti.

Na tusidanganyane: ziko kamati za mapambo. Kongo tunazijua. Kunaandaliwa warsha hotelini, bango linatundikwa, chai ya saa nne inanywewa, watu wanatia saini ya posho, na itifaki iliyofika ikiwa imechapwa inaondoka kama ilivyokuja. Ukitaka kujua kama kikao kilikuwa cha kweli, usiulize waliohudhuria ni wangapi. Uliza ni swali gani lililofutwa.

Kukosa ufundi huu kumegharimu. Mwaka 2004 Kambodia ilizuia jaribio la kidonge cha kinga, na mapema mwaka 2005 jaribio kama hilo likasimamishwa Kamerun. Wanawake waliotarajiwa kushiriki, pamoja na waliowatetea, walikuwa na maswali ya kawaida kabisa: nikiambukizwa katikati ya kazi hii, nani atanitibu, na kwa muda gani? Swali kama hilo lingemalizwa kwenye benchi, miezi kabla. Lilipokosa benchi likaenda kwenye magazeti na kwa mawaziri. Baada ya hapo UNAIDS na shirika la AVAC wakaandika mwongozo wa ushirikishaji mwema, mwaka 2007, wakaurekebisha mwaka 2011. Ni kitabu kizuri, ingawa mafundi wengi wa vitongojini walikuwa wakiyafanya yaliyomo kabla hakijaandikwa.

Pwani ya Kenya nako palikuwa na mtihani. Februari 2010 umati ulivamia kituo cha Mtwapa ambako taasisi ya utafiti ya KEMRI ilihudumia wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, baada ya uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Watafiti wa KEMRI walioko Kilifi walikuwa tayari na mtandao wa wawakilishi waliotoka kwa wakazi, wenye kazi ya kupeleka habari kituoni na kuirudisha nyumbani. Mtandao huo haukutosha kwa jambo lile. Walichofanya miaka iliyofuata ndicho cha kutazamwa: walikwenda kuzungumza na mashehe na wachungaji, wakawafundisha, wakasikiliza. Kazi ya polepole mno, isiyoweza kuandikwa vizuri kwenye ripoti ya robo mwaka.

Basi turudi Lualaba, kwenye ukanda wa shaba, na tujaribu kupanga. Eneo la Lubudi lina zoni za afya ambazo hazifanani hata kidogo. Fungurume ni mgodi: kampuni kubwa ya shaba na kobalti, wachimbaji wa mikono, malori ya Kolwezi na Likasi, vijana waliotoka Kasai na kwingine wakilala vyumba vya kukodi. Bunkeya ni mji wa kale wa mfalme Msiri, ambako mgeni asiyepita kwanza kwa mwami na wazee wake atapoteza muda wake. Lubudi yenyewe ni mji wa stesheni na kiwanda, ambako kila mtu anajua mtoto wa nani kaoa wapi. Mtu wa Kinshasa akileta mpango mmoja kwa sehemu zote tatu, amekwama kabla hajaanza.

Fungurume shida ni muda. Mchimbaji hana saa ya ofisi. Utampata anapokula bukari jioni, au Jumapili. Tena ana haki ya kushuku, maana wanaokuja na daftari kambini mara nyingi ni watu wa kodi au wa kuwahamisha. Muulizaji bora pale angekuwa mtu aliyewahi kuchimba mwenyewe. Bunkeya shida ni itifaki ya heshima, na heshima ina hatari yake: mkubwa akishakubali, mdogo hawezi kukataa, na ridhaa ya namna hiyo haina thamani. Fundi angeomba baraka ya wazee hadharani, kisha angetafuta namna ya mtu mmoja mmoja kusema hapana bila mzee kujua.

Mjini Lubudi shida ni kujulikana. Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda siri ya mtu anayeishi na VVU, lakini sheria haiwezi kufumba macho ya jirani aliyekaa benchi la pili siku ya dawa. Hapa naona ugumu ambao hauna suluhisho moja. Muulizaji wa hapa hapa anaaminika na anajua njia. Lakini ndiye mtu usiyetaka ajue. Mgeni hajui chochote, na labda ndiyo sifa yake. Wengine hupendekeza kubadilishana: wa Lubudi aulize Fungurume, wa Fungurume aje Lubudi. Inagharimu nauli. Ningelipa nauli hiyo kabla ya kulipa bango.

Neno hilo la gharama si la kupita. Kwa miaka mingi fedha za Marekani za UKIMWI nchini Kongo zililenga hasa Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Januari 2025 misaada ilisimamishwa kwa amri moja, na sehemu nyingi kazi zikasimama ghafla. Fedha zikipungua, vidonge hutetewa kwanza, na ni haki. Vikao vya maandalizi hukatwa vya kwanza, kwa kuwa huonekana kama maneno tu. Hapo ndipo mwenye bajeti anapojifunza bei ya maneno: fomu zilizojaa majibu ya adabu, ambayo hayamsaidii mtu.

Kamati ya kweli ikikaa Lubudi, sidhani itaanza na asilimia ya maambukizi. Nadhani mama mmoja mwenye miaka mingi kwenye dawa atauliza ni wangapi kati yetu huchukua dawa mji mwingine ili wasionekane hapa, nauli inawala kiasi gani, na mvua zikiharibu barabara wanakaa siku ngapi bila kidonge. Daktari atasema ni vigumu kupima, kwa kuwa watu hao hawamo kwenye daftari la Lubudi. Naye atamjibu kwamba wamo kwenye madaftari ya Fungurume na Likasi. Kaeni kule siku ya dawa, mwulizeni kila mmoja ametoka wapi leo, na aliyetoka mbali msimwulize kwa nini mpaka atakapoanza mwenyewe.