Simu Mbili Mezani: Mwongozo wa Simu ya Biashara Ihanja

Katika kata ya Ihanja, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, simu ni sehemu ya mtaji. Mnunuzi wa alizeti huuliza bei kwa wenye mashine za kukamua kabla gunia halijapimwa. Muuza kuku wa kienyeji humtumia mteja wa Dodoma picha, naye mwenye duka hupokea malipo kwa lipa namba na kuagiza mzigo akiwa palepale kaunta. Simu ikizima saa kumi jioni, mauzo ya jioni hiyo yamekwenda kwa jirani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba simu ya kazi ichaguliwe kama mizani: uipime kwa mzigo itakaoubeba, wala usitazame mng'aro wake.

Tuchukue simu mbili zilizotoka mwaka 2024, za daraja moja la bei nafuu: Samsung Galaxy A06 na Tecno Spark 30C. Ukisoma makasha yake utadhani ni mapacha. Zote zina betri ya mAh 5,000, kamera kuu ya megapikseli 50, kioo cha takriban inchi 6.7 chenye pikseli 720 kwa 1,600, na Android 14. Kinachozitenganisha hakiandikwi kwa herufi kubwa.

Anza na uhalali

Kabla ya sifa yoyote, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye kasha, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakuonyesha aina na modeli ya simu. Likitofautiana na unachokishika mkononi, rudisha simu kaunta. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa wamezinunua kwa sababu ya urahisi wa bei walibaki na plastiki mkononi. Dai pia risiti na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri.

Soma namba kwa jicho kali

RAM ndiyo inayopotosha wengi. Tangazo likisema GB 8, tafuta maandishi madogo ya "4+4". Maana yake RAM halisi ni GB 4, na nne nyingine zimeazimwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya taratibu zaidi. Linganisha RAM halisi kwa RAM halisi. Kwa mtu anayefungua WhatsApp, kamera na programu ya pesa kwa zamu, GB 4 ni kiwango cha chini. Ukiweza kupata 6, pata 6.

Spark 30C inajivunia kioo cha Hz 120, A06 ikiwa na Hz 60. Utaona picha zikiteleza vizuri unapopitisha kidole, lakini hesabu ya vitunguu haiendi haraka kwa sababu hiyo. Usilipie ziada kwa ajili yake.

Vilevile, menyu ya M-Pesa ya *150*00# hufanya kazi hata kwenye kiswaswadu. Kama kazi yako kubwa ni uwakala wa pesa, laini ya uwakala inaweza kubaki kwenye simu ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa, simu janja ikafanya mengine.

Toka nazo nje ya duka

Hapa ndipo simu hujieleza. Zishike zote mbili juani saa sita mchana, mwanga wa kioo ukiwa umepandishwa hadi mwisho, kisha usome ujumbe wa muamala bila kujifunika kwa kiganja. Usiyoweza kuisoma utaisoma vibaya siku ya gulio, na kusoma salio vibaya ni hasara.

Kisha fikiria vumbi. Kiangazi cha Singida kina upepo, na upepo huo huingiza vumbi kwenye tundu la chaji na kwenye spika. Spark 30C ina kiwango cha IP54. Tarakimu ya 5 inasema vumbi halitaingia kwa wingi wa kuharibu utendaji. Ya 4 inasema simu inahimili maji ya kurukia. A06 haikutangaziwa kiwango cha aina hiyo. Kwa anayeshinda shambani au juu ya bodaboda, tofauti hii ina uzito kuliko kamera.

Mwisho, weka laini yako mwenyewe katika kila simu na upige kutoka mahali unapofanyia kazi, hata ikibidi kumwomba mtu mwenye simu kama hiyo. Masafa ya chini, kama yale ya MHz 700, hufika mbali zaidi vijijini, lakini simu isiyoyapokea haitafaidika nayo. Zungumza ukiwa kwenye upepo, umuulize unayeongea naye kama anakusikia vizuri.

Chaji, picha na fundi

A06 inapokea chaji ya wati 25, Spark 30C wati 18. Umeme ukirudi kwa nusu saa tu, A06 itakuwa imekusanya zaidi. Ila fungua kasha uangalie: mara nyingi Samsung huweka kebo peke yake, na ukiichomeka kwenye chaja ya zamani faida hiyo hupotea. Bei ya chaja ihesabiwe ndani ya bei ya simu.

Kamera ipime kwa kupiga picha risiti ndani ya duka lenye mwanga hafifu, kisha uivute picha. Tarakimu zikisomeka, inatosha. Kabla ya kulipa, muulize fundi wa Singida mjini bei ya kioo cha kila simu na kama kinapatikana siku hiyohiyo.

Umri wa simu

Samsung iliiahidi A06 masasisho ya usalama kwa miaka minne. Daraja hili la Spark halijajulikana kwa ahadi ndefu kiasi hicho. Masasisho hayo huziba mianya inayotumiwa na wezi wa mtandaoni. Kwa simu yenye programu ya benki na ya pesa, hilo si jambo dogo. Kumbuka tu kwamba miaka huhesabiwa tangu simu itolewe sokoni, kwa hiyo iliyokaa rafu muda mrefu imeshakula sehemu ya umri wake.

Uamuzi

Mwenye duka anayekaa ndani, ambaye fedha zake nyingi hupita kwenye simu, achukue A06 pamoja na chaja yake halisi. Mnunuzi wa mazao anayezunguka vijiji vya Ikungi achukue Spark 30C, kwa sababu vumbi litamfikia kabla ya mwizi wa mtandaoni. Na ukiona bei zinakaribiana, chagua ile ambayo hitilafu yake ingekugharimu siku chache za kazi kuliko ya mwenzake. Hicho ndicho kipimo cha ubora kwa mtu anayeishi kwa simu yake.