Malezi ya Mwandishi: Funzo la Jarida la Penpoint kwa Kiswahili Nchini Uganda

Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022, wa kukifanya Kiswahili somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, umejadiliwa zaidi kwa upande wa uhaba wa walimu. Swali la nani atawaandikia wanafunzi hao hadithi limeguswa kwa juujuu, kana kwamba waandishi huota wenyewe pale wasomaji wanapopatikana.

Historia ya Makerere inapinga dhana hiyo. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ilianza kutoa jarida la Penpoint. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi, amesimulia jinsi alivyomwambia Jonathan Kariara, mmoja wa watu wa jarida hilo, kwamba alikuwa na hadithi fupi, ilhali hakuwa ameandika hata sentensi; ikambidi aende kuiandika. Kisa kinachekesha, lakini mna ndani yake mambo ambayo mihadhara haiyatoi: msomaji anayefahamika kwa jina, ahadi inayodai, na ukurasa unaosubiri. Baadaye shindano la riwaya la East African Literature Bureau lilimsukuma kwenye muswada mrefu, na mwaka 1965 David Cook akakusanya kazi za Makerere katika Origin East Africa.

Malezi hayo, hata hivyo, yalikuwa ya Kiingereza pekee. Mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere Juni 1962 uliwahusu wanaoandika kwa lugha hiyo; kwa kigezo hicho Shaaban Robert hakuwa na nafasi, na tarehe 20 ya mwezi huohuo akafariki. Yeye hutajwa mara nyingi kuthibitisha kwamba kipaji hakihitaji malezi, kwa kuwa alikuwa karani wa serikali. Hoja hiyo ni dhaifu. Karani huyo alikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililochapisha mashairi yake kabla hajawa na vitabu.

Idara nyingi za Kiswahili za leo zina uhakiki bila ukumbi wa namna hiyo. Mwanafunzi hutahiniwa kueleza msuko wa riwaya; kusuka yake mwenyewe hakumo katika mtihani. Akiandika, kazi yake husomwa mara moja, hupewa alama, na hairudi tena mezani. Tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell hupokea muswada ulioiva. Haikuundwa kufundisha, na si haki kuilaumu kwa hilo. Kosa ni la washauri wa sera wanaohesabu tuzo kuwa mafunzo.

Kinachohitajika Kampala ni kidogo na kinajulikana: jarida la Kiswahili la kila muhula, na mhadhiri aliyepunguziwa vipindi ili ahariri, arudishe rasimu, na aidai tena. Bila hilo vitabu teule vitaendelea kuagizwa kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na mtoto wa Gulu au Mbarara atahitimu bila kukutana na mji wake katika hadithi ya Kiswahili.