Kuteleza kwa Kipimo

Tairi la makafi lina kazi moja tu duniani. Lami hulila upesi, kokoto huling'oa mbavu, na ukilipitisha kwenye sakafu ya saruji mashine nzima hutetemeka mpaka meno ya dereva yanagongana. Liweke juu ya mchanga mkavu wa vilima vinavyohamahama, na hapo utaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu hununua jozi nzima ya matairi kwa ajili ya safari anazozifanya miezi ya baridi peke yake. Napenda vitu vya namna hii, visivyotaka kumpendeza kila mtu. Ila napenda zaidi ujuzi wa anayejua kuvichagua, kwa sababu tairi hili humsuta vibaya mno aliyelinunua kwa macho.

Kwa asiyepata kuliona: ni tairi kipara kabisa, lenye ngozi nyembamba, na juu ya upara huo zimepandwa mbavu nene za mpira zilizokwenda bega hadi bega. Kimo cha kila ubavu ni kama robo tatu ya inchi hadi inchi moja na kidogo. Mbavu hizo ndizo makafi. Hufungwa nyuma tu, kwenye pikipiki za matairi manne za mbio, zile tunazoziita kwadi. Chimbuko lake ni California, kwa watu wa vigari vya mchanga waliochukua matairi yaliyokwisha meno wakayabandika mbavu. Vilima vya Glamis, karibu na mpaka wa Mexico, vimekuwa darasa lao tangu hapo, na kampuni kama Skat-Trak zimekulia kwenye kazi hiyo.

Darasa letu sisi wa Oman ni Bidiya, mlangoni mwa Ramla ya Wahiba. Huko ni mchanga mtupu wa karibu kilomita za mraba 12,500, na upande wa kaskazini vilima vimejipanga safu ndefu zinazoshuka kusini, vingine vikikaribia mita 100 kwenda juu. Wasomaji wa Unguja na Pemba wanalijua jina la Bidiya kwa sababu nyingine: pamoja na Ibra na Mudhairib, ni miongoni mwa miji ya Sharqiya iliyotoa familia nyingi zilizovuka bahari kwenda Zanzibar na kuingia bara. Basi usishangae ukimsikia mtu gerejini akilalamikia upepo wa tairi kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe.

Mchanga mkavu hauna gundi. Chembe zake hukaa pamoja kwa uzito na msuguano tu, na ukizivuruga hukimbia. Ndiyo maana ubavu wa kilima ulioupa upepo kisogo husimama kwa mwinamo wa nyuzi 32 hadi 34 hivi, hauzidi hapo. Mwaga mchanga zaidi juu yake, utaporomoka mpaka mwinamo urudi ulipokuwa. Juu ya kitu kama hicho, tairi la kawaida lenye meno ya vitufe huchimba kwenda chini. Dereva anaongeza mafuta, tairi linazidi kuchota mchanga wa chini yake, na baada ya muda mfupi ekseli imelala kifudifudi. Kafi linausukuma mchanga kwenda nyuma, na kwa msukumo huo kwadi inakwenda mbele, sawasawa na mtumbwi na maji. Na kama ilivyo majini, hupati mwendo bila kutupa kitu. Mchanga lazima uteleze kidogo chini yako. Anayechagua tairi anachagua uteleze kiasi gani.

Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekata jangwa la Libya kwa magari ya Ford kabla ya Vita Vikuu vya Pili, alikuwa na nusu ya jibu: punguza upepo, tairi lipanuke, uzito utandae. Mwaka 1941 alichapisha kitabu kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo, na wataalamu wa jangwa bado wanakirejea. Lakini Bagnold alitaka gari zito lipite juu ya mchanga lisizame. Kijana wa Bidiya anataka injini ndogo impandishe ukuta wa mchanga kwa kasi, na afike kileleni bado ana mwendo wa kugeuzia. Kutozama peke yake hakumtoshi.

Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake haanzii rafuni. Huanza na maswali. "Sheikh, mashine cc ngapi? Na wewe mwenyewe kilo ngapi?" Wateja wengi hujibu la kwanza kwa fahari na la pili kwa shingo upande. Fundi anahitaji yote mawili, kwa sababu kila kafi ni mzigo juu ya injini. Likiingia mchangani linakamata, na kukamata huko injini ndiyo inayokulipia. Makafi machache mno, tairi linazunguka bure. Makafi mengi mno, injini inakabwa, mizunguko inashuka, na katikati ya mlima unabadilisha gia kwenda chini huku mwendo wote uliouchuma bondeni umekwisha. Kwa desturi, mashine ya cc 250 hadi 400 hupewa makafi sita au manane, ya 450 manane au kumi, na ya 700 kumi hadi kumi na mawili. Ni pa kuanzia tu.

Hesabu hiyo huvunjwa na tabia ya injini. Chukua Yamaha Banshee, iliyouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 2006 na ambayo wapenzi wake hawajaizika mpaka leo: silinda mbili, mipigo miwili, cc 347. Nguvu zake zimelala mpaka mizunguko ipande, kisha zinaamka zote kwa pamoja. Ibebeshe makafi mengi na haitafika hapo inapoamkia. Itaunguruma chini chini na kukuaibisha mbele za watu. Raptor 700 ya kampuni hiyo hiyo, silinda moja kubwa ya mipigo minne, huvuta tangu chini kabisa, na inaweza kuburuta kafi refu bila kulalamika. Anayesoma namba ya cc peke yake atawauzia wenye mashine hizi tairi lisilowafaa, na wote wawili watalilaumu tairi.

Ukitaka kujua kama umechagua sawa, mwombe mwenzako apande huku wewe umesimama pembeni, uangalie mkia wa mchanga anaoutupa. Mkia mrefu uliokwenda juu angani, na mashine yenyewe inajikokota, maana yake tairi linachezea mchanga. Mkia mfupi na sauti ya injini inayozama maana yake limekamata kupita kiasi. Unaoutaka ni mkia uliolala kidogo, unaokwenda nyuma kuliko juu, na injini inayoimba sauti moja tangu chini mpaka kileleni. Mafundi wazoefu hawaangalii hata. Wamekaa na kikombe cha kahawa wamegeukia upande mwingine, wanasikiliza tu.

Kosa likiwa dogo, halidai tairi jipya. Punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele, injini itapumua. Au, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, chukua kisu kikali uyapunguze makafi kwa mkono, kidogo kidogo, kila moja kwa kipimo kile kile. Mpira uliokatwa haurudi, kwa hiyo anayekata hukata pungufu ya anavyotaka, anakwenda kujaribu, anarudi kukata tena. Nimeziona kazi za namna hii ambazo kwa unadhifu wake ungeapa zimetoka kiwandani hivyo. Kuna mantiki ya kununua kafi refu kuliko haja yako, kwani refu hupunguzika.

Umbo nalo lina neno lake. Kafi lililonyooka kutoka upande hadi upande hukamata kwa ukali na kupenda mstari ulionyooka. Ni la wanaoshindana kwa kasi kwenye tambarare. Ukiwa umelala ubavuni mwa kilima, tairi lake husogea kando kama halina mwenyewe, maana kati ya kafi na kafi ni upara tu. Kafi lililopindwa katikati, lenye tumbo kama bakuli, hukusanya mchanga badala ya kuuacha umwagikie pembeni, na hukupa walau kitu cha kuegemea unapokata ubavu wa kilima. Kwa ramla yetu yenye mabonde na migongo, sioni sababu ya kubishana: lenye tumbo. Angalia tu lisifungwe kinyume. Ukilitazama tairi kwa juu, tumbo la kafi linatakiwa lielekee mbele, ili likifika chini liwe linausukuma mchanga nyuma. Nimekuta mashine ya kukodi imefungwa tairi moja hivi na jingine vile, na mwenyewe akisifu jinsi inavyopenda kukata kushoto.

Upepo ni psi 4 hadi 8, na watu hugombana kwa psi moja kama wanavyogombania mpaka wa shamba. Wana haki. Katika tairi jembamba kiasi hiki, psi moja hubadili umbo la mguu wote. Punguza mno na mdomo wa tairi utaachia rimu kwenye kona. Jaza mno na tairi litakuwa duara, likanyage kwa katikati peke yake. Aliyepima alfajiri apime tena adhuhuri, kwani jua la Wahiba hujaza upepo bila pampu.

Ya mbele sina mengi ya kuyasemea. Yawe mepesi, laini, yenye ubavu mmoja au miwili inayozunguka katikati ili yakate mchanga unapogeuza usukani. Anayebakiza mbele matairi ya vitufe atafika pia, ila atageuka kwa kuomba.

Sasa, kwa anayetaka jibu aondoke nalo. Una cc 450, unapanda kwa starehe na si kwa mashindano, uzito wako ni wa mtu mzima anayekula vizuri. Mimi ningefunga makafi manane yenye tumbo, robo tatu ya inchi, kwenye tairi la 20x11-9, yaani inchi 20 kimo, 11 upana, rimu ya 9, na ningeanza na psi 6. Vijana wa Bidiya watanibishia, watasema kumi. Wao ni wepesi kuliko mimi kwa kilo nyingi, na hawajawahi kununua klachi kwa pesa yao wenyewe.