Vuli ya Nithi: Trauti Anapohamia Ukingoni

Mafunzo mengi ya kuvua trauti kwa nzi bandia yalizaliwa kwenye mito ya chokaa, kama Test na Itchen kule Uingereza. Huko mvua huzama kwanza mwambani, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi. Hata majani ya miti yakianza kupukutika, mto unabaki na kina chake, weupe wake na ubaridi wake. Mvuvi husimama mbali, akarusha mshipi mrefu wenye nzi mdogo kama punje ya mchele.

Ukija Chogoria, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mbinu hiyo mwezi Novemba, utarudi mikono mitupu. Vuli yetu ni mvua. Mlima Kenya ni volkano, na mito ya Nithi, Thuchi na Rupingazi hushuka juu ya lava kwenye miteremko mikali. Upande huu wa Meru na Embu ndio unaokabili pepo za Bahari ya Hindi. Ikinyesha kwa nguvu huko juu mchana, jioni mto umeshapanda. Kwa hiyo vua asubuhi, na ukiona majani makavu na povu vinaanza kupita kwa wingi, toka majini mara moja, hata kama juu yako jua linawaka.

Jambo la pili ni chakula. Maji ya lava yana chokaa kidogo, hivyo hayana utajiri wa uduvi na konokono unaowanenepesha trauti wa Uingereza. Trauti wetu hula anachopata: kaa wa mto, mabuu yaliyong'ang'ania mawe, mende walioangushwa na mvua kutoka matawini. Ni mgeni aliyejifunza kuishi kwa kidogo. Mayai ya kwanza yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandikizwa mto Gura kwenye safu ya Aberdare.

Rangi ya maji nayo huamua mahali pa kuvulia. Chini, mto ukishapita mashambani, mafuriko huwa mekundu kwa udongo na samaki haoni kitu. Panda juu ya ukanda wa chai wa Nyayo, uingie msituni. Huko maji yaliyopanda hufanana na chai ya rangi, na katika rangi hiyo trauti bado anaona kivuli cheusi kikipita.

Hata huko msituni lazima ujue trauti amejificha wapi. Nililielewa hilo nikiwa nimezama hadi magotini, nikilenga katikati ya mto kama nilivyofunzwa. Mzee aliyenionyesha njia alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Mwanangu, toka majini," akasema. "Umesimama kitandani kwa samaki."

Alisema kweli. Mto ukipanda, mkondo wa katikati humchosha trauti, naye husogea ukingoni, nyuma ya mizizi na mawe, pale maji yanapotulia na chakula kinapozungushwa. Wakati mwingine yuko shubiri moja tu kutoka kwenye nyasi.

Nikatoka, nikapiga goti. Nilifunga nzi mzito kwenye ndoana namba 8: manyoya meusi ya kuku juu, waya wa shaba ndani ili azame upesi. Mshipi niliutoa mfupi, usiozidi urefu wa fimbo mara mbili. Nikamdondosha nzi juu kidogo ya mzizi, nikainua fimbo hadi ule uzi mwembamba wa mwisho tu ndio uliogusa maji, nikamfuata anavyochukuliwa na mkondo. Usingoje kuvutwa. Tazama pale uzi unapoingia majini. Uzi ukisita, hata kidogo, inua kifundo cha mkono.

Mara ya tatu ukasita.

Alikuwa samaki wa shubiri moja na nusu, madoa meusi hadi mkiani. Mzee alimpasua kwa kisu chake kidogo, akanifungulia tumbo kiganjani: mende wawili weusi, vijiti, na gando la kaa, gumu bado, la ukubwa wa ukucha wangu.