Vuta n'kuvute: Somo la Uraia Lisilofundishwa

Kwa miaka mingi sasa, kijana wa kidato cha tano na cha sita anayechukua Kiswahili anakutana na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, pamoja na Kufikirika ya Shaaban Robert, Mfadhili ya Hussein Tuwa na Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile. Kabla ya hapo ameshapitia somo la uraia: mihimili mitatu ya dola, haki na wajibu, alama za taifa. Madaftari mawili tofauti, na hakuna anayemwambia kwamba yanazungumzia kitu kimoja. Mimi naona riwaya hii ndiyo kitabu bora cha uraia walichonacho vijana wetu, ila tunawasomesha kwa namna ambayo hawawezi kuligundua hilo.

Hebu tazama inavyosomwa. Fani na maudhui. Dhamira: ukombozi, ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke, umoja. Mifano miwili miwili, halafu mbio chumba cha mtihani. Wapo wanaofaulu kwa kudurusu vitini tu, riwaya yenyewe hawajaifungua. Walimu siwalaumu sana. Darasa limejaa na mtihani uko njiani. Lakini matokeo yake riwaya inageuka orodha, sawasawa na lile daftari la uraia.

Wakati kilichomo ndani ni mtu. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza, mzee wa miaka 52. Anapoikimbia ndoa ile, ndugu zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, asiye na mali wala jina. Unguja ya miaka ya 1950 ilikuwa na mstari: huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, katikati Darajani. Binti wa Kihindi akiuvuka mstari ule alikuwa anahama jamii nzima. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayesakwa na Inspekta Wright kwa harakati zake dhidi ya Waingereza. Siasa haimjii Yasmin kama mada ya darasani. Inamjia kwa sababu ya watu aliokula nao na kulala nao nyumba moja, na siku inafika lazima ajue yuko upande gani.

Kwa Unguja swali hilo si la kale. Uraia ni jambo la Muungano, lakini Uzanzibari una sheria yake ya 1985 na una kitambulisho chake, na kijana wa kidato cha sita yuko kwenye umri uleule wa kukihangaikia na kupiga kura yake ya kwanza. Nani ni mwenzetu? Daftari linajibu kwa kuzaliwa, kurithi na kuandikishwa. Adam Shafi anajibu kwa mlango wa Mwajuma. Majibu yote mawili yanahitajika, lakini la pili halimo kwenye mtihani wowote.

Riwaya ina udhaifu wake. Denge mara nyingine anaacha kuwa mtu anakuwa jukwaa; akianza kuhutubia, unasikia sauti ya mwandishi nyuma yake. Na Mwajuma, ambaye kwangu ndiye raia mkubwa kuliko wote kitabuni, anabaki pembeni kama rafiki wa kuchangamsha hadithi. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 imewapa vijana wengi sura ya Yasmin na Denge, lakini deni la Mwajuma bado halijalipwa.

Kuna jambo jengine linalonikera zaidi, nalo si kosa la kitabu. Vuta n'kuvute inakubalika darasani bila wasiwasi kwa sababu askari wake ni wa Mwingereza, na Mwingereza ameshaondoka. Adam Shafi huyohuyo aliandika Haini, iliyotoka 2003, juu ya waliotiwa ndani baada ya Mzee Karume kuuawa pale Kisiwandui, tarehe 7 Aprili 1972. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofungwa. Humo mfungwa ni wetu na mlinzi wa gereza ni wetu. Haini haimo katika zile riwaya nne. Sisemi kuna mtu kakaa akaizuia. Ila somo la ukombozi linaloishia 1964 linamfundisha kijana kwamba kudai haki ilikuwa kazi ya mababu, na wao wameshaimaliza.

Zisomwe pamoja. Mwanafunzi aliyemshangilia Denge akimtoroka Wright apewe Haini, halafu aulizwe kama haki za mtu aliyekamatwa zinabadilika anapobadilika mkamataji. Swali hilo halihitaji mtaala mpya. Linahitaji mwalimu mmoja na kipindi kimoja, na skuli isiyoogopa wanafunzi wake watajibu nini.