Wanaofuta Nyayo Zetu

Katika mtaa wa Asiatique, kama kwingineko Bujumbura, si kila mtu ana kompyuta yake. Anayeketi kwenye mashine ya umma maktabani hutafuta dalili za ugonjwa, kazi ya ng'ambo, au habari za ndugu aliyevuka mpaka. Akiondoka, mashine bado inakumbuka.

Hapo mkutubi mwaminifu huanza kazi isiyoonekana. Hufuta historia ya kivinjari. Huondoa vidakuzi, vile vifaili vilivyobuniwa mwaka 1994, ambavyo leo wenye matangazo huvitumia kumfuata mtu tovuti hadi tovuti. Huzuia mashine isihifadhi nywila. Akikuta akaunti imeachwa wazi, huifunga bila kusoma barua hata moja, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu hakuna anayemwona. Nakala ya cheti iliyosahauliwa kwenye printa humwekea mwenyewe. Kisha mwingine anaketi, kazi inaanza upya.

Wajibu huu si mpya: Chama cha Maktaba cha Marekani kiliandika wajibu wa kutunza siri za wasomaji mwaka 1939, kabla ya intaneti. Nawe, ukiinuka kwenye kompyuta ya umma, funga akaunti yako, kisha umshukuru aliyepo mezani.