Kuhesabu Milango ya Mukuru

Agosti 2017, mwezi wa uchaguzi mkuu, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa tangazo ambalo halikuwafikia Wakenya wengi katika kelele za kampeni. Mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani ilifanywa eneo maalumu la upangaji. Kwa miaka miwili ujenzi mpya ungesimama, na katika muda huo kaunti na wakazi wangeandaa mpango wa eneo lenye kaya zipatazo 100,000. Tangazo lenyewe lilikuwa karatasi tu. Kilichostahili kuimbiwa sifa ni ufundi ulioifikisha karatasi hiyo mezani.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na kampuni katika miaka ya 1970 na 1980, kwa sharti la kujenga viwanda vidogo. Wengi hawakujenga. Badala yake yalizuka makazi ya vibarua wa viwanda vya jirani: mabanda ya mabati, chumba kimoja kimoja, yaliyobanana kando ya Mto Ngong. Kwa kuwa hati zilikuwa za watu wengine, ofisi za jiji zilikuwa na jibu jepesi kila zilipoombwa bomba la maji au barabara. Kulipinga jibu hilo kulihitaji hoja, na hoja inayosikilizwa ofisini huanza na hesabu.

Hesabu hiyo ilikuwa na mafundi wake. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996 katika vuguvugu la kupinga ubomoaji, ulijifunza kuhesabu kutoka kwa wenzake wa India, ambako mwaka 1985 watu waliolala kando ya barabara za Mumbai walihesabiwa ili mji usiendelee kujifanya hauwaoni.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Mmoja hushika kopo la rangi, mwingine daftari, wakaingia kichochoroni. Kila mlango hupewa namba. Humu wanalala wangapi? Kodi ni kiasi gani, na anayeipokea ni nani? Mtungi wa maji wa lita 20 unauzwa bei gani? Choo kiko wapi, na kinatumiwa na milango mingapi? Swali la kodi huzua wasiwasi, maana mpangaji huhofia kupandishiwa na mwenye nyumba huhofia kunyang'anywa. Anayeijua kazi hii halazimishi jibu. Hueleza daftari linakwenda wapi, hurudi jioni watu wakishatoka kazini, na hesabu ikishajumlishwa huirudisha kwa wenyewe ibandikwe ukutani, isomwe kwa sauti, isahihishwe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na watafiti wengi wenye haraka, nayo ndiyo inayoleta imani.

Hesabu za Mukuru zilionyesha jambo lililobadilisha mazungumzo: kwa kila lita ya maji, mkazi wa banda alilipa zaidi ya mkazi wa mtaa uliounganishwa na bomba la jiji, tena kwa maji yasiyo na uhakika. Kumbe fedha zilikuwepo muda wote, zikiishia mikononi mwa wauzaji. Wakili Jane Weru na wenzake wa Akiba Mashinani Trust, mfuko wa fedha wa Muungano, waliweza sasa kuingia ofisi za kaunti wakizungumza kuhusu sera badala ya kuomba huruma.

Kisha ikaja kazi ngumu zaidi, kupanga. Kaya ziliunganishwa kumi kumi, zikapandishwa hadi sehemu 13 za eneo lote, na zaidi ya taasisi 40, vikiwemo vyuo vikuu, zikagawana afya, ardhi, maji, elimu na mengineyo. Barabara ndiyo iliyowapima wote. Vipimo vya kawaida vya mipango miji vikifuatwa, upana wa barabara peke yake hufuta safu nzima za nyumba. Mtaalamu alilazimika kuketi na wakazi juu ya ramani, mita kwa mita: gari la zimamoto lipite wapi, kichochoro kipi kibaki cha miguu, nani atahama na ahamie wapi. Ofisa anayekubali kuvijadili vipimo alivyofundishwa chuoni ni fundi sawa na mama anayejua kila choo cha mtaa wake. Ni taaluma moja, ina madawati mawili.

Haikuwa njia nyoofu. Mwaka 2020 majukumu kadhaa ya kaunti yalihamishiwa Nairobi Metropolitan Services, chombo cha serikali kuu, na barabara za lami na vituo vya afya vikaanza kuonekana Mukuru. Novemba 2021 matingatinga yakaingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Ni uchungu usiofutika kwa lami. Hata hivyo waliohesabu hawakufunga madaftari.

Wanaoendelea na kazi hii wanajua kalenda ya kaunti kwa moyo: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Anayefika kwenye kikao cha wananchi mwezi Mei akidai mfereji hukuta fedha zimeshagawanywa. Kwa hiyo wao huanza vikao vyao vya mtaa mapema, mwezi wa saba, wakiamua kichochoro kipi kitangulizwe mwaka unaofuata.